Mashindano ya mpira Likasi na Koni: mtoto wa mhami acheze, lakini kipimo kiwe kimoja

Kila mwaka, masomo yakifungwa na kiangazi kikikausha viwanja, mashindano ya mpira yanaanza katika kartie za Likasi na katika makao ya pembeni ya Lufira hadi Koni. Timu za kartie, za parokia, za mashule na za wafanyakazi zinajiandikisha. Mtu mwenye moyo mzuri anatoa kombe, mwingine anatoa mbuzi au mpira mpya. Jioni wakaaji wanajaa pembeni ya kiwanja, wamama wanauza karanga na maji, na kwa saa mbili hakuna anayezungumza juu ya bei ya unga.

Lakini furaha hiyo inaingiliwa na ugomvi ambao kila mpenzi wa mpira anaujua. Timu moja inafungwa, na mara sauti zinapanda: "Yule si mtoto, ana ndevu!" "Yule amekodiwa Lubumbashi!" "Yule si wa hapa, ni mtu wa kuja!" Kamati inakutana chini ya mti, watu wanasukumana, na mara nyingi uamuzi unaotoka ni wa haraka: kila mchezaji ambaye hana karatasi aondoke.

Hapo ndipo kosa linafanyika. Malalamiko hayo matatu yanatoka katika kinywa kimoja, lakini hayafanani. La kwanza linahusu umri, na ni la haki. La pili linahusu mchezaji wa kukodi, na lenyewe pia ni la haki. La tatu linahusu mahali ambapo mtu alizaliwa, na halina nafasi katika mashindano yoyote ya kartie. Kamati inapoyafunga yote katika furushi moja na kusema "karatasi tu", mjanja mwenye karatasi ya uongo anabaki kiwanjani, na mtoto wa mhami ambaye hakudanganya mtu anarudishwa nyumbani.

Kwa nini mtoto wa mhami hana karatasi

Sheria ya familia ya Kongo, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, inawapa wazazi siku 90 kuandikisha mtoto bila malipo. Siku hizo zikipita, cheti hakipatikani tena kirahisi kwenye komine. Inabidi kupitia mahakama na kupata hukumu inayoziba nafasi ya cheti, na njia hiyo inaomba safari, muda na franga. Hata katika familia ambazo hazijakimbia vita, wengi hawafiki. Uchunguzi mkubwa juu ya hali ya watoto uliofanywa nchini mwaka 2017 na 2018 ulionyesha kwamba kati ya watoto 10 wenye umri chini ya miaka 5, karibu 4 tu ndio walikuwa wameandikishwa.

Kama ni hivyo kwa mtoto aliyezaliwa karibu na komine, itakuwaje kwa mtoto ambaye mama yake alitoka Mitwaba, Pweto, Kasai au Kivu na nguo aliyovaa? Watu wanaokimbia bunduki usiku wanabeba watoto na sufuria. Hawapati nafasi ya kutafuta karatasi. Mtu mzima anaweza kuonyesha karte ya uchaguzi, ambayo kwa Wakongo wengi ndiyo kitambulisho cha kila siku. Lakini mtoto wa miaka 14 hana karte ya uchaguzi, na hapaswi kuwa nayo. Kumwambia "leta kitambulisho au usicheze" ni kumwambia asicheze.

Na mpira kwa mtoto huyo si mchezo wa kupitisha wakati tu. Masomo yanaweza kumkosa kwa sababu ya malipo. Marafiki aliowaacha kijijini hawako. Timu ya kartie ndiyo mahali pa kwanza ambapo watu wa Likasi au wa Koni wanamwita kwa jina lake, badala ya kumwita "mhami". Mtoto akifukuzwa pale mbele ya umati wote, anajifunza siku hiyo hiyo kwamba hata mahali pa kucheza ana deni ambalo hawezi kulipa.

Udanganyifu wa umri ni wa kweli

Hata hivyo, huruma isiwafumbe watu macho. Wanaolalamika juu ya umri hawasemi uongo. Tatizo hilo linatesa Afrika yote. Karibu na mwanzo wa 2023, shirikisho la mpira la Kameruni liliwapima wachezaji 30 wa timu ya taifa ya chini ya miaka 17, na 21 kati yao wakaondolewa kwa sababu kipimo kilionyesha kwamba wamepita umri. Timu ilibidi ijengwe upya siku chache kabla ya mashindano ya kanda.

Kipimo hicho ni picha ya mfupa wa kifundo cha mkono inayopigwa na mashine ya MRI. FIFA ilianza kukitumia katika Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 lililochezwa Nigeria mwaka 2009. Mfupa wa mtoto una sehemu ya kukulia ambayo bado iko wazi. Mtu akikomaa, sehemu hiyo inafunga, na picha inaonyesha. Karatasi inaweza kubadilishwa kwa franga kidogo, lakini mfupa haukubali rushwa.

Angalieni basi jambo hili: wachezaji wale wa Kameruni hawakukosa karatasi. Bila karatasi wasingefika hata kwenye kambi ya timu ya taifa. Kwa hiyo mtu anayefikiri kwamba cheti peke yake kinalinda haki katika mashindano ya kartie ajiulize mara mbili. Kinachomkamata mdanganyifu ni uchunguzi, na karatasi ni sehemu moja tu ya uchunguzi.

Na anayeumia kwa udanganyifu wa umri ni mtoto. Kijana wa miaka 20 akiingia katika mchezo wa watoto wa miaka 14, atashinda mbio zote na mipira yote ya kichwa, na siku nyingine atavunja mguu wa mtu. Mtoto mwenye kipaji ataketi kwenye benchi akidhani hana nguvu, kumbe amepimwa na mtu mzima. Wahami na wenyeji wanapoteza pamoja hapo.

Katanga inajua uchungu wa karatasi

Wapenzi wa mpira wa Katanga hawahitaji mfano wa mbali. Mwaka 1967, TP Englebert ya Lubumbashi, ambayo leo inaitwa TP Mazembe, ilifika fainali ya kombe la vilabu bingwa vya Afrika dhidi ya Asante Kotoko ya Ghana. Mchezo wa Kumasi ulimalizika 1–1, wa Kinshasa 2–2. Ikaamuliwa timu zirudiane Kameruni. Kotoko haikufika, na kombe likapewa Englebert. Kombe hilo limo katika historia ya klabu kwa haki, kwa sababu sheria ilifuatwa. Lakini hadi leo wazee wa Ghana wanasema timu yao haikupewa habari. Miaka 3 baadaye, mwaka 1970, timu hizo mbili zilikutana tena katika fainali. Kumasi walitoka 1–1, na Kinshasa Kotoko ikashinda 2–1. Safari hii hakukuwa na la kubishana.

Kisha mwaka 2011. Mazembe ilikuwa kampioni wa Afrika mara mbili mfululizo, 2009 na 2010, na miezi michache tu kabla ilikuwa imecheza fainali ya dunia ya vilabu na Inter Milan huko Abu Dhabi, klabu ya kwanza ya Afrika kufika pale. Katika kombe jipya iliishinda Simba ya Dar es Salaam, kisha Wydad ya Casablanca. Simba ikapeleka malalamiko juu ya mchezaji mmoja, Janvier Besala Bokungu, kwamba hakuwa na ruhusa kamili ya kuichezea Mazembe kwa sababu ya mambo ya klabu yake ya zamani, Espérance ya Tunis. CAF ikaitoa Mazembe katika mashindano. Simba na Wydad wakacheza mchezo mmoja wa kuziba nafasi, na Wydad ikashinda 3–0. Mwishowe waliopoteza walikuwa wengi: Mazembe ilipoteza kombe lake, Simba haikupata kitu, na wapenzi wa mpira wakabaki na maneno.

Visa hivyo viwili vinafundisha jambo moja ambalo kamati za Likasi na Koni zinaweza kulitumia bila kutoa hata franga moja. Swali la nani ana ruhusa ya kucheza lazima limalizwe kabla ya mchezo. Likiachwa mpaka baada ya mchezo, hata uamuzi wa haki unanuka. Wakaaji wa Koni wanaelewa hili kuliko wengine: maji ya Lufira yanayopita Mwadingusha ndiyo yanayoshuka hadi kwenye mitambo ya Koni. Uchafu ukiachwa juu, utafika chini tu. Orodha ya wachezaji ikiwa chafu siku ya kwanza, fainali itakuwa chafu.

Mlango ulifunguliwa Rio, mizani haikubadilishwa

Kuna watu wanaosema kwamba ukimruhusu mtoto asiye na karatasi, umeua mashindano. Wakongo wawili walikwisha kujibu neno hilo mbele ya dunia yote.

Popole Misenga na Yolande Bukasa Mabika walitoka upande wa Bukavu. Vita viliwatenganisha na familia zao wakiwa bado wadogo, na wakapelekwa Kinshasa. Huko walijifunza judo. Mwaka 2013 walipelekwa Rio de Janeiro kwa mashindano ya dunia, wakaiacha timu na kubaki Brazili kama wakimbizi, wakieleza kwamba walikuwa wakitendewa vibaya na kunyimwa chakula. Miaka 3 baadaye michezo ya Olimpiki ilifanyika katika mji ule ule. Kwa kawaida mchezaji anaingia Olimpiki kupitia kamati ya nchi yake. Wao hawakuwa tena na njia hiyo. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikaunda kwa mara ya kwanza timu ya wakimbizi yenye wachezaji 10, chini ya bendera ya Olimpiki, na hao wawili wakawemo.

Wengi wanakumbuka bendera na machozi. Yafaa kukumbuka pia mizani. Misenga alipimwa katika kundi la kilo 90 na Mabika katika kundi la kilo 70, kama kila mwanajudo mwingine. Hakuna aliyewapa pointi ya huruma. Misenga alimshinda Avtar Singh wa India, kisha akashindwa na bingwa wa Korea Kusini. Mabika alishindwa katika pambano lake la kwanza. Walishinda kwa haki na kushindwa kwa haki, na kwa sababu hiyo hakuna mtu aliyesema wameharibu judo.

Hiyo ndiyo njia inayofaa hata kwa mashindano madogo. Mlango wa kuingia unaweza kupanuliwa kwa ajili ya mtu ambaye vita vilimnyang'anya karatasi. Kipimo cha ndani, yaani umri, idadi ya wachezaji na sheria za mchezo, kibaki kile kile kwa wote. Mhami anayeomba haki hii haombi kupendelewa.

Sheria nzuri inajenga

Wengine wanafikiri sheria za mashindano ni za kufukuza watu tu. CHAN inaonyesha kinyume. Katika kombe hilo la Afrika wanacheza tu wale wanaocheza katika ligi za nchi zao. Kabla ya hapo, mchezaji wa nyumbani alikuwa akifunikwa na wenzake wa Ulaya. Sheria moja ndogo ilimfungulia kiwanja, na Kongo ikawa ya kwanza kufaidika: ilishinda CHAN ya kwanza nchini Côte d'Ivoire mwaka 2009, kisha ikashinda tena Kigali mwaka 2016 kwa kuifunga Mali 3–0.

Kamati za kartie zinaweza kufikiri hivyo hivyo. Kama shida ni timu tajiri kukodi wachezaji kutoka Lubumbashi, kilometa 120 tu kwa barabara, sheria iseme wazi: anacheza yule ambaye anakaa hapa tangu tarehe fulani. Neno ni "anakaa", si "amezaliwa". Kwa sheria hiyo, mtoto wa mhami ambaye amelala Koni miezi 3 anaingia, na nyota aliyeshuka kwenye basi asubuhi ya fainali anabaki kuwa mtazamaji. Neno hilo moja linamaliza malalamiko mawili kwa pamoja.

Mambo yanayowezekana tangu mwaka huu

Ya kwanza: sheria ziandikwe na kusomwa mbele ya timu zote kabla ya kuandikisha, na zisomwe pia redioni ili hata mzazi asiyejua kusoma azisikie.

Ya pili: kwa umri, kamati ikubali ushahidi zaidi ya mmoja. Cheti cha kuzaliwa ni kizuri. Asiye nacho aweze kuleta karte ya chanjo, karte ya ubatizo, karatasi ya masomo, au neno la mwalimu pamoja na mkubwa wa avenyu na mzazi au mlezi. Ushahidi huo uombwe kwa wenyeji vilevile, si kwa wahami peke yao.

Ya tatu: orodha ya wachezaji wote ibandikwe mahali pa wazi siku kadhaa kabla ya mchezo wa kwanza. Mwenye malalamiko ayalete wakati huo, na ayalete kwa maandishi. Muda ukipita, orodha imefungwa, na asije mtu kugundua ndevu za mchezaji baada ya kufungwa bao la tatu.

Ya nne: adhabu ya udanganyifu wa umri imwangukie kwanza mtu mzima aliyepanga, yaani kocha au kiongozi wa timu. Mara nyingi kijana ameambiwa tu taja mwaka huu, na yeye akautaja.

Ya tano: wasichana wasisahauliwe. Mwezi wa 11 mwaka 2024, timu ya wanawake ya TP Mazembe ilitwaa Ligi ya Mabingwa ya Afrika kwa kuifunga AS FAR ya Marokko 1–0. Baada ya ushindi huo, ni aibu kuwaita wasichana wa kartie wacheze mchezo wa kufungulia siku ya fainali, kisha wavulana wapewe mbuzi na wao wapewe makofi.

"Ni mchezo tu"

Kuna atakayesema kwamba huu ni mpira wa kartie tu, kwa nini maneno mengi? Jibu liko katika kumbukumbu za nchi hii. Mwezi wa 5 mwaka 2014, mchezo wa Vita Club na Mazembe katika uwanja wa Tata Raphaël, Kinshasa, ulimalizika kwa hasira, mawe na gesi ya machozi. Watu walikanyagana kwenye milango, na zaidi ya 10 walikufa. Walikuwa wamekuja kuangalia mpira tu.

Na Likasi ina kumbukumbu yake yenyewe. Mwaka 1992 na 1993, maelfu ya familia zenye asili ya Kasai zilifukuzwa manyumbani na kulala kwenye stesheni ya treni ya mji huu zikingoja gari la moshi, watoto wengine waliozaliwa hapa hapa. Wenye umri wanakumbuka kwamba mambo hayo hayakuanza na mapanga. Yalianza na maneno: huyu ni wa hapa, huyu si wa hapa. Neno hilo likisikika leo pembeni ya kiwanja, hata kwa mzaha, hata kwa hasira ya kufungwa, wazee wasicheke. Walikatize palepale.

Kuna pia wanaouliza: wahami watarudi kwao kesho, kwa nini kuwaandikisha? Wengine watarudi, na Mungu awasaidie warudi kwa amani. Lakini mtoto hawezi kuweka miaka yake 14 katika sanduku hadi vita viishe. Akirudi Mitwaba au Kivu, atarudi na alichofundishwa hapa. Anaweza kufundishwa kwamba anayesema uongo ndiye anayecheza. Anaweza pia kufundishwa kwamba watu wa Likasi na wa Koni walimpima kama walivyowapima watoto wao.

Kwa wahami wenyewe kuna neno moja pia. Kocha akija na ahadi ya viatu na kusema "taja kwamba mtoto ana miaka 14" wakati ana 17, mzazi akatae. Uongo huo ukijulikana, hautamwangukia mtoto mmoja. Utawaangukia wahami wote wanaokuja nyuma yake kuomba kuaminiwa bila karatasi.

Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Ni kweli, lakini mtu anakubali kushindwa pale tu anapojua kwamba alipimwa kama wenzake. Kamati zina wiki chache kabla viwanja havijajaa. Karatasi moja ya sheria, orodha moja ukutani, na siku chache za kusikiliza malalamiko vinatosha kuanza. Timu ambazo bado zinaandikisha ziulize kamati yao swali hilo sasa, kabla mwamuzi hajapuliza filimbi ya kwanza.